Jiwe la liwa la bibi yetu, na mawe mengine ya Tanga



Safari hii tulivuka bahari kwenda Tanga, na hatukwenda kwa harusi kama tulivyozoea. Bibi yetu, aliyetoka kwetu Pemba akiwa mwari na kuolewa Ngamiani, amerejea kwa Mola wake. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Hitma ikapita, mirathi ikapangwa na wanaofahamu mambo hayo, na sisi wanawake tukaachiwa kazi ile ya mwisho ambayo hakuna mwanamume anayeitaka: kufungua makabati, kunusa kanga, kulia kidogo, kuamua kipi kiende kwa nani na kipi kitupwe.

Katika fungu la kutupwa, kati ya sufuria lililotoboka na birika lisilo mfuniko, tukaliona jiwe lake la liwa. Ni jiwe la tumbawe, la mviringo, pana kuliko sahani ya chai, na katikati limebonyea kama kiganja. Kila bibi harusi wa ukoo wetu aliyepitia Tanga alisuguliwa liwa yake hapo. Tukauliza nani aliyelitia fungu lile. Mpwa wetu, binti wa watu, msomi, akajibu kwa adabu kabisa: "Shangazi, hilo si jiwe tu?"

Hatukumjibu siku ile. Tulikuwa wachovu, na swali lenyewe lilitukata kauli. Lakini tangu hapo tumekuwa tukiliwaza neno hilo, jiwe, na "tu" yake. Makala haya ndiyo jibu letu, binti, na wasomaji wetu watatuwia radhi kwa kusikiliza mazungumzo ya nyumbani.

Tuanze na lugha. Jiwe ni neno la Kibantu hasa, wala hatukuletewa na jahazi. Washona wa kusini husema mabwe, na jina la nchi ya Zimbabwe wengi hulieleza kuwa ni nyumba za mawe. Kwetu neno hili limezaa watoto wasiofanana kabisa. Mgonjwa ana mawe ya figo. Duka la zamani lilikuwa na mawe ya mizani. Mkuu wa wilaya huweka jiwe la msingi. Mtu asiye na huruma ana moyo wa jiwe, na hayati Rais John Magufuli aliitwa Jiwe na waliompenda na waliomwogopa pia, kila mmoja kwa maana yake. Mjamzito mwenye hamu hununua udongo mkavu wa kutafuna, na jirani zetu wa Kenya wanauita mawe moja kwa moja, bila haya. Na bibi yetu akisikia uongo au porojo alikuwa na neno moja tu la kujibu: "Mawe!" Wazee wa pwani walilitumia hivyo, maana yake ni upuuzi mtupu. Vijana wa leo ukiwaambia "mawe" watatazama chini.

Pwani hii, lakini, jiwe lenye sauti kubwa lilikuwa lile la nyumba. Kuwa na nyumba ya mawe au ya miti na udongo ndiko kulikosema wewe ni nani, unakopesheka au hukopesheki, binti yako ataposwa na nani. Na jiwe lenyewe halikuwa jiwe la mlimani. Lilikuwa bahari. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa ardhini. Sehemu za urembo, kama mihrabu na miimo ya milango, zilichongwa kwa tumbawe lililokatwa baharini likiwa bado bichi, kwa sababu likiwa bichi ni laini na hukubali patasi, kisha likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Cha kuyashika mawe hayo pamoja kilikuwa chokaa, nayo ni tumbawe vilevile: magogo hupangwa kwa duara, vipande vya matumbawe huwekwa juu, moto hutiwa, na yakishaungua huachwa yapoe na kulainika kwa maji. Juu ya kuta hizo zikapita boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, Pangani, Unguja au Lamu, ni virefu na vyembamba. Kila mwanamke aliyejaribu kupanga kitanda cha sita kwa sita katika chumba kama hicho anajua tunachosema.

Hata jiwe lililo mbali na ufuko lilikuwa bahari zamani. Mapango ya Amboni, kiasi cha kilomita nane kutoka mjini Tanga, yamechimbwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa ambao ulikuwa chini ya bahari miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mwamba wa chokaa wa Tanga ndio unaosagwa pia kule Pongwe kuwa saruji tangu 1980. Kwa hiyo aliyejenga kwa tumbawe na aliyejenga kwa tofali la saruji wote wamejenga kwa bahari, wa pili hajui tu.

Siku ya nne tulipata nafasi, tukakodi gari kwenda Tongoni. Ni mwendo wa kilomita 20 hivi kusini mwa mji, njia ya Pangani. Tongo ni mahali palipohamwa, watu wakaondoka na nyumba zikabaki, na jina hilo linatosha kukueleza utakachokikuta. Kuna msikiti usio na paa, wa karne ya 14 au ya 15, na kuuzunguka yapo makaburi zaidi ya 40. Eneo hilo la pwani liliitwa Mtangata, na lilikuwa na watu wake, biashara yake na ibada yake kabla Mreno hajaonekana. Vasco da Gama alipopita mwezi wa Aprili 1498, merikebu yake mmojawapo, São Rafael, ilikwama kwenye miamba ya hapo. Ikanasuliwa. Lakini aliporudi kutoka India Januari 1499 mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, hana watu wa kuendesha vyombo vyote, basi merikebu ile ile akaichoma moto hapo hapo Mtangata. Kwenye vitabu Tongoni hutajwa kwa sababu ya chombo hicho kilichochomwa. Sisi tunaona msikiti ulistahili kutajwa kwanza.

Makaburi ya Tongoni yana nguzo, kama yale ya Ras Mkumbuu kwetu Pemba. Nguzo nyingi zimeshaanguka na kulala majanini. Ukizitazama kwa karibu utaona vidimbwi vya duara vilivyochongwa kwenye mawe: humo zilipachikwa sahani na bakuli za kauri zilizotoka China na Uajemi. Bakuli zimekwenda, nafasi zake zimebaki. Richard Burton, Mwingereza, alipita hapa 1857 na wakati huo tayari palikuwa magofu.

Tulizunguka kaburi kwa kaburi tukitafuta jina. Tulidhani watu waliotumia mali yote hiyo, mafundi, chokaa na kauri za ng'ambo, wangeacha jina lao waziwazi. Hatukuliona hata moja. Alaa! Mtu amejengewa nguzo ndefu kuliko nyumba za majirani, leo hatujui alikuwa mwanamume au mwanamke. Mmoja wetu akasema pengine huyu aliye chini hapa alikuwa bibi harusi wa siku moja, naye alisuguliwa liwa. Tukanyamaza, tukawasomea Fatiha wote kwa pamoja, kwani Mola anawajua.

Tuliona pia dalili kwamba watu huja na haja zao, wakaacha ubani na vitambaa. Amboni nako hivyo hivyo: kuna pembe ya pango ambapo wanawake wanaotafuta mtoto wamekuwa wakienda kuomba na kuacha sadaka. Hatutawacheka, kwa sababu tunajua kiu ya mtoto inavyompeleka mtu. Ila Umar ibn al-Khattab (r.a.) alisimama mbele ya Jiwe Jeusi lenyewe, katika Nyumba ya Mwenyezi Mungu, akalieleza wazi kuwa analijua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa kuwa amemwona Mtume (s.a.w.) akilibusu. Ikiwa hilo ndilo lililoambiwa jiwe la Makka, la Amboni litaambiwaje?

Mazungumzo ya makaburi yalirudi nyumbani pamoja nasi, maana wajomba walikuwa wameanza kubishana juu ya kaburi la bibi. Mmoja alitaka lijengwe kwa saruji na vigae, "lipendeze". Mwingine akakataa, akaja na mafundisho yanayokataza kujenga juu ya makaburi. Kwa kweli hatukuingia kwenye ubishi, ila shangazi yetu mkubwa, ambaye ameketi darsa maisha yake yote, alisimulia habari ya sahaba Uthman bin Madh'un (r.a.). Alipozikwa, Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu amletee jiwe, mtu yule akashindwa kulibeba. Mtume akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba mwenyewe, akaliweka kichwani mwa kaburi ili alitambue na amzike karibu yake atakayekufa katika jamaa zake. Hakuna nguzo wala kauri. Waarabu hulita jiwe la namna hiyo shahid, yaani shahidi. Wajomba wakakubaliana jiwe moja la kichwani na moja la miguuni, basi.

Sasa tuje jikoni, ndiko tulikokuwa tukielekea. Kabla ya gesi na kabla ya seredani, chakula cha pwani yote kilisimama juu ya mafiga, mawe matatu. Figa moja haliinjiki chungu, wahenga wamekwisha kusema, na wanasiasa wakalichukua: kwenye kampeni za CCM za miaka ya 2000 tuliambiwa habari ya mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani. Kina mama walioyachagua mafiga yenyewe, wakajua lipi litapasuka kwenye moto na lipi litavumilia, hawakuulizwa chochote kuhusu mfano huo. Na kuchagua jiwe la moto ni elimu. Jiwe la tumbawe likipata moto mkali sana huanza kuwa chokaa, jiwe lililofyonza maji hupasuka na kumrukia mpishi. Haya huyajui mpaka umeunguzwa au umefundishwa na aliyeunguzwa.

Wanaume nao wana jiwe lao. Jiwe dogo, kijiwe, limekuwa mahali pa kukaa na kupoteza saa. Tanga ina vijiwe vya kahawa vyenye sifa: birika la shaba, vikombe visivyo mkono, kashata, na habari za dunia nzima kuanzia alasiri. Siku hizi hata waendesha bodaboda wana kijiwe. Mwanamke akikaa na wenzake hatuiti kijiwe, tunaita umbea. Tumesema tu.

Lakini jiwe lililotuuma zaidi tulilisikia mezani, kutoka kwa shemeji yetu aliyewahi kununua vito. Kaskazini ya mkoa wa Tanga, karibu na mpaka wa Kenya, kuna bonde la mto Umba, na bonde hilo linajulikana duniani kwa vito vyake, yakuti za rangi nyingi na garneti. Miaka ya 1960 wachimbaji walikuwa wakitafuta garneti ya rangi ya zambarau iliyokuwa na soko. Ndani yake zikawa zinajitokeza nyingine, za rangi kati ya waridi na chungwa, nzuri mno, ila zikipimwa hazikuwa za aina ile inayotafutwa. Wanunuzi wakazikataa. Jiwe lisilo na ukoo, wakasema, na wakalipa jina: malaya.

Hatukuamini. Shemeji akatoa simu akatuonyesha. Kweli, kwenye maduka ya vito ya Marekani na Ujerumani linauzwa kwa jina hilo hilo hadi leo, na wengine huandika malaia kulipunguzia ukali. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 soko liligeuka. Jiwe lililotupwa likaanza kutafutwa, bei ikapanda, na jina halikubadilishwa. Wanawake wa ng'ambo wanavishwa pete ya uchumba yenye jiwe hilo na hawajui neno lenyewe lina maana gani mtaani kwetu.

Fikirini, dada zetu. Jiwe halikufanya kosa lolote. Lilizaliwa na rangi yake ardhini, kabla ya sisi sote. Aliyekuwa na orodha mkononi hakuliona kwenye orodha yake, akamtafutia mwanamke wa kumtukana ili alitaje. Kati ya mawe yote ya mkoa ule, ya nguzo, ya msingi, ya mizani na ya kampeni, hilo ndilo tulilolikuta limepewa jina la mwanamke. Tunajua vizuri binti wangapi wamepata jina hilo kwa njia ile ile: hakufanana na alichotarajia mtu fulani, basi.

Mpwa wetu alikuwa amekaa pale mezani. Tulimwona amekunja uso.

Tulipokuwa tukirudi mjini kutoka Tongoni tulikuwa tumewapita wanawake kando ya njia wakiponda kokoto. Kwetu Pemba na Unguja kazi hii mnaijua, pengine baadhi yenu mnaisoma makala hii mikono ikiwa na malengelenge yake. Unakaa chini, miguu umeinyosha, jiwe umelizungushia kipande cha mpira wa tairi lisikurukie machoni, nyundo mkononi. Unaponda mpaka ndoo ijae. Ndoo zinakusanywa mpaka gari lije, na bei anaisema mwenye gari. Kokoto hiyo ndiyo inayokwenda kwenye nguzo za ghorofa na misingi ya misikiti yetu mipya. Siku ya ufunguzi jiwe la msingi huwa na majina ya waheshimiwa, yamechongwa vizuri na kupakwa rangi ya dhahabu. Tulimwomba dereva asimame, tukanunua maji tukawapa, tukazungumza kidogo. Mmoja, mtu mzima, alituambia anasomesha wajukuu wawili kwa nyundo ile. Tulimwuliza mikono inauma? Akacheka, akasema ilikuwa inauma zamani.

Basi, binti, jibu lako. Jiwe la bibi halina thamani sokoni, hapo umesema kweli. Hata mwuza vyuma chakavu hatalitaka. Lakini litazame lilipobonyea. Bibi hakulinunua likiwa hivyo, alilipokea kwa mama mkwe wake likiwa limebonyea kidogo, naye akaongeza. Unatia matone ya marashi, unashika kipande cha mti wa liwa, unasugua kwa duara, taratibu, mpaka uji mzito wa rangi ya maziwa na chai ukusanyike katikati. Ukiharakisha unapata maji. Ukisugua kwa hasira, liwa hutoka na chenga za mawe, na uso wa bibi harusi utakusema. Mti wa liwa huisha, na jiwe nalo huisha, kidogo kidogo, na kile kidogo kilichokwisha kiliwahi kupakwa kwenye mashavu ya mama yako, ya shangazi zako, na ya huyo aliyekufa akiwa na mimba ya kwanza ambaye picha yake hatuna. Nguzo za Tongoni zilijengwa ili mtu akumbukwe na hatukuliona jina. Jiwe hili halikujengwa kwa kumbukumbu ya mtu, na sisi tuliokaa karibu nalo siku ile tuliwataja kumi na saba waliopita juu yake, kwa majina, kabla adhana ya magharibi haijatukatiza.

Tulitaja kwa sauti, na mpwa akaandika kwenye simu. Wa kwanza kabisa tuliyemfikia alikuwa mama mkwe wa bibi, na hapo kamba ikakatika. Nani alilibonyesha kabla yake, na tumbawe lenyewe lilikatwa mwamba gani, Mola ndiye ajuaye.

Kuhusu nani alichukue, tulibishana kwa heshima. Shangazi mkubwa alitaka libaki Tanga, kwa kuwa hapo ndipo lilipofanya kazi. Sisi wa kisiwani tukasema bibi alikuwa wetu kabla hajawa wao. Mwisho mpwa akaomba, sauti ndogo, kama anaweza kukaa nalo yeye. Anaolewa mwezi wa mfungo sita, inshaallah, huku kwetu. Shangazi akamtazama muda mrefu. Akamwambia: "Lichukue. Lakini hulioshi kwa sabuni, unasikia?"

Bandarini, kijana wa ukaguzi alilipima begi la mpwa kwa mkono mmoja, akalishusha haraka.

"Dada, umebeba nini humu?"

"Jiwe," akasema.

"Jiwe tu?"

Sote tukaangua kicheko pale kwenye foleni, watu wakatutazama, na shangazi aliyekuja kutusindikiza akajibu kwa niaba ya marehemu, kwa sauti ya marehemu kabisa:

"Mawe!"